Mkono Mwepesi Kuliko Yote

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama aliniambia kwenye simu kwamba bega bado linakusumbua na kwamba siku hizi hutoki hata kibarazani. Pole sana. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama.

Shamba limefungwa, Kaka. Madiwani walipopiga marufuku maini ya bata wanaoshindiliwa chakula kwa bomba ili maini yanenepe, mahoteli yaliacha kununua wiki ileile. Mwenye shamba alisema hawezi kulisha bata elfu nne wasiokuwa na mnunuzi. Wale waliokuwa wakisimama langoni na mabango walikuja na matenga mawili, wakachukua bata ishirini, wakapiga picha, wakaondoka. Waliobaki tuliwachinja wenyewe kwa siku nne. Kijiko, mlishaji mwenzetu, na utani wake, alisema tumewatetea bata mpaka wameisha. Kisha akaenda kutapika nyuma ya banda.

Najua humtaki Kijiko. Tangu kikao kile hujapokea hata salamu yake. Nami bado nakuona ulivyosimama mbele ya madiwani na shati la kuazima, ukawaambia umefanya kazi ile miaka kumi na tisa na bata wako hawaumii. Kisha daktari wa mifugo akaonyesha ile video: bomba linashuka kooni, bata anatapatapa, damu inamtoka mdomoni. Uso haukuonekana, lakini mkono ulionekana, na kile kidole chako kilichokatika. Ukumbi mzima ulikugeukia. Ukakaa chini bila kumaliza maneno yako.

Ulisema ni Kijiko aliyekurekodi akakuchoma, kwa sababu alikitaka cheo chako cha unyapara. Nilikusikia, nikanyamaza. Leo sinyamazi tena. Ni mimi, Kaka. Niliificha simu kwenye ndoo ya mahindi.

Kuna asubuhi moja niliingia bandani, bata mmoja akaniona na bomba, akapanua mdomo mwenyewe. Hakungoja nimshike. Nilimlisha, nikatoka nje, nikalitupa bomba kwenye nyasi. Daktari aliponiomba ushahidi, sikumrekodi Kijiko na papara zake, maana madiwani wangesema kosa ni la mtu mmoja mkorofi. Nilikurekodi wewe, uliyekuwa ukipaka bomba mafuta na kuwasemesha bata taratibu. Mkono wako ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote pale. Nilitaka waone kwamba hata kwako walitoka damu.

Daktari aliniahidi kuufuta mkono wako kwenye video. Hakuufuta, nami sikuhakikisha.

Sikuombi unisamehe sasa. Nakuomba umpigie Kijiko, maana amebebeshwa mzigo wangu miezi mitano na hajui kwa nini.

Msalimie Mama, mwambie nitakuja akinihitaji. Usimsomee barua hii, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kazi.