Baba, Hakuna Aliyekuuliza

Baba yangu, Mzee Magesa,

Nakuandikia kutoka Musoma, kwenye chumba changu cha kupanga hapa Iringo, na woga wangu ule ule. Unanijua. Kule masjala ninakofanya kazi, barua moja naisoma mara tatu kabla ya kuigonga muhuri, na mkuu wangu akiniita jina tu, najiuliza nimekosa nini. Ulikuwa ukinicheka: "Wewe utakuja kumwomba radhi hata jogoo kwa kuamka kabla yake." Leo siombi radhi. Nina hasira, Baba, na nimechoka kuimeza.

Unakumbuka nilipokuambia nataka kubatizwa? Nilikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimeogopa kusema muda mrefu, maana nyumbani kwetu Butiama hukutuwekea dini yoyote. Ulikuwa unapukuchua mahindi na hukuinua kichwa.

"Mwalimu kakulazimisha?"

"Hapana."

"Rafiki zako je?"

"Hapana, Baba."

"Basi nenda. Ila nenda kwa miguu yako."

Halafu, mtu wa ajabu wewe, Jumapili ukanipakia kwenye baiskeli. Ukawa unakaa nje chini ya dirisha la kanisa, kofia gotini, mpaka misa iishe. Njiani ukaniuliza, "Kwani mkiinama vile huwa mnasemaga nini?" Nikakueleza, ukanibishia mpaka nyumbani.

Siku ya ubatizo padri aliniuliza ninaomba nini. Nilijibu kwa sauti ya mbu, lakini wewe dirishani ulisikia. Wakati wa kurudi ukaniambia, "Mengine bado sijayaelewa. Lile swali nimelipenda. Walikuuliza kwanza." Ndipo uliponisimulia kwamba utotoni mwenu mlipangwa mstari shuleni, mkagawiwa majina ya ubatizo kama mlivyogawiwa daftari, nawe ukachomoka ukakimbilia ziwani. "Siku nikisema ndiyo," ukasema, "iwe imetoka kwangu."

Nilichagua jina la Ruth. Ukataka kujua alikuwa nani. Nilipokueleza kwamba mkwewe alimsihi arudi kwao naye akakataa, ukaitikia kwa kichwa: "Huyo namwelewa. Hakusukumwa."

Baba, hakuna mtu aliyeutamani ubatizo wako kuliko mimi. Miaka yote nilikuombea. Ndiyo maana nilichokikuta hospitalini Bunda kinanichoma mpaka leo. Ulikuwa umepoteza kauli siku mbili. Mto uliolalia ulikuwa umelowa, na Baba Mdogo Wambura ameshika kikombe.

"Tumeshamaliza," akasema. "Sasa ni Yosefu."

"Alikubali?"

"Alikubali. Alikunja uso."

Shangazi alikuwa ameketi miguuni pako. Akasema, "Wambura, hata mbuzi ukimmwagia maji anakunja uso."

"Nyamaza, dada! Mimi mwenyekiti wa jumuiya kanisani, nimzike kaka yangu bila padri? Watu watanionaje?"

Watu watamwonaje! Wewe unapumua kwa taabu, yeye anawaza watu. Padri naye akaambiwa kwamba uliomba mwenyewe ukiwa na fahamu, akaamini. Nani asingemwamini mwenyekiti?

Msibani nikapewa kusoma wasifu wako. "Wewe ndiye msomi," Baba Mdogo akaninong'oneza. "Usisahau: alibatizwa kwa hiari yake." Nilisoma kuzaliwa kwako, ndoa yako na marehemu Mama, ng'ombe wako, ukali wako kwa wavivu. Nilipofika hapo kwenye hiari, mdomo ukagoma. Nikakunja karatasi mbele ya ukoo mzima. Baba Mdogo akaninyang'anya kipaza sauti, akalisema neno hilo mwenyewe, na watu wakaitika amina.

Jumamosi ni arobaini yako. Wanasimika msalaba, na juu yake wameandika Yosefu tu. Jana Baba Mdogo alinipigia simu: niombe msamaha mbele ya ukoo kwa kumwaibisha, la sivyo nisikanyage nyumbani.

"Baba Mdogo," nikamwambia, "tuseme tu kwamba hakuulizwa."

"Kaka yangu yuko mbinguni kwa juhudi zangu!" akafoka, akakata.

Juhudi zake! Mungu ninayemwamini mimi hamvizii mtu aliyelala. Angetaka kukukamata kwa nguvu, Jumapili zote zile ulikuwa umekaa dirishani kwake. Alikuacha ukae. Alikungoja, na wewe ulikuwa njiani kwa mwendo wako. Sijui ulikuwa umebakiza hatua ngapi, na Wambura hajui pia. Alichokifanya ni kuniharibia hata mimi ndiyo yangu, kana kwamba imani ni maji tu na kikombe, na mwenye kikombe ndiye mwenye roho ya mtu.

Nitakwenda, Baba. Naogopa sana. Najua sauti itakuwa ile ile ya mbu. Shangazi amesema atakaa karibu yangu. Wakinisimamisha niombe msamaha, nitawauliza jambo moja tu: nani alimuuliza? Kisha nitapiga magoti kaburini kwako nisali, kwa kuwa sala niliichagua mwenyewe. Hata wakinifukuza, nitakuwa nimefika kwa miguu yangu.

Pumzika, Magesa, kwa jina ulilolijibu maisha yako yote.

Binti yako Nyabise, ndiye Ruth,
niliyeulizwa kwanza.