Visanduku vya Majani ya Mawe

Jumatatu, 5 Julai 1993

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Nimekata boksi la sabuni, nikakunja, pembe zikapinda. Nimekata jingine. Zimepinda tena.

Kazi ni ile ile ya wiki iliyopita: visanduku vidogo vya kuwekea visukuku. Mawe haya yamelala kwenye magunia katika stoo ya ofisi ya madini tangu kabla sijaajiriwa. Sasa yanatakiwa kukaa ndani ya kabati la vioo pale mlangoni. Siku hizi kuna wawekezaji, na Bwana Milinga, mkuu wetu, anataka wakiingia wakute kitu cha kutazama.

Mimi nimepewa mifupa. Edna amepewa majani. Majani yaliyogeuka mawe, na mishipa yake yote inaonekana, kama vile yameanguka jana. Mifupa yangu inafanana na kokoto. Nilitaka majani. Sikusema.

Jumatano, 7 Julai

Edna alihamia hapa mwezi wa kwanza kutoka Iringa. Mhehe. Mimi Mngoni. Kwa hiyo sisi ni watani, na ofisi nzima imepata burudani ya bure.

Leo kaniona mlangoni, kanisalimu kwa Kihehe: "Kamwene, Mngoni. Wazee wako walikimbia kutoka kusini kote kule bila kupumzika, wewe kutoka Mshangano tu hapo unachelewa?"

Nikamwambia nilikuwa nasaidia majirani kumtafuta mbwa wao, na kwamba wamenituma nimuulize yeye kwanza. Watu wakacheka, maana Wahehe wanasemwa kula mbwa. Najibu vizuri. Nimezoea.

Lakini mtani hana mpaka. Akichukua peni yangu, utani. Akinywa chai yangu, utani. Nikinuna, mimi ndiye mwenye kasoro.

Visanduku vyake ni vizuri kuliko vyangu. Pembe zimesimama kama zimepigwa pasi. Ndani anatandika kitambaa cheupe cha shati la mtumba alilonunua Majengo. Huo si utani. Huo ni ukweli na unaniuma.

Ijumaa, 9 Julai

Habari mbaya. Ofisi yetu inaunganishwa na nyingine. Wafanyakazi wanapunguzwa. Katika sisi makarani wawili atabaki mmoja. Bwana Milinga ametuambia tukiwa wote wawili, wima, kama watoto wa shule. Mgeni atakuja kutoka Dar es Salaam mwisho wa mwezi kuliona kabati. Baada ya hapo Bwana Milinga ataamua.

Nikikosa kazi narudi kijijini kwa mama. Tumbaku. Kuamkia kitaluni, kufunga majani, kukaa kwenye bani la kukaushia mpaka macho yanatoka machozi kwa moshi. Nilisoma mpaka kidato cha sita ili mikono yangu isinuke tumbaku.

Sikula mchana. Edna alikula.

Jumatatu, 12 Julai

Leo gundi. Ya dukani hakuna fungu la kununulia. Tunapika uji mzito wa unga wa ngano. Mimi nimetia ugoro kwenye wangu. Bibi alikuwa akiweka vikonyo vya tumbaku kwenye sanduku lake la khanga, na hakuna mdudu aliyeingia mpaka anakufa. Stoo yetu imepakana na jiko la kantini. Mende ni wengi.

Gundi imekuwa ya kahawia. Inanuka. Bwana Milinga kaingia, akapiga chafya.

"Kunigunda, hapa ni ofisi au kilabu cha wazee?"

"Mwache, Mzee," Edna kasema. "Wangoni hata mawe yao yanavuta."

Wamecheka mpaka mlinzi kachungulia dirishani. Nami nimecheka. Halafu nimeenda chooni nikakaa huko.

Uji wa Edna ni mweupe. Unga na maji tu.

Jumanne, 13 Julai

Kila mchana Edna akienda kula kwa mama ntilie, mimi nafungua visanduku vyake. Si kwa wizi. Natafuta kosa. Namba iliyorukwa, jina lililoandikwa vibaya, jani lililowekwa kichwa chini. Nasoma lebo moja moja: jina la mmea, kijito lilipookotwa, upande gani wa mto, chini ya tabaka lipi la makaa ya mawe.

Sijapata kosa. Hata moja. Narudi kwenye kiti changu nikiwa na njaa na hasira.

Alhamisi, 15 Julai

Edna kamaliza kunakili majina kutoka kwenye vikaratasi vya zamani vilivyokuwa ndani ya magunia. Vilikuwa vinapukutika. Amevichoma kwenye shimo la taka nyuma ya ofisi. Lebo mpya amezibandika chini, ndani ya visanduku, kwa ule uji mweupe. Daftari la orodha bado. Anasema ataliandika baadaye.

Nimemwambia kuhusu mende.

Niandike sawasawa jinsi nilivyomwambia. Watu walikuwepo. Nilipaza sauti. "Mhehe, uji wako huo, mende wa Songea watakuja na vijiko."

"Waje tu," akasema. "Nitawachanganyia na nyama ya mbwa, washibe."

Wakacheka wote.

Ningeweza kungoja watoke. Ningeweza kusema taratibu: dada, weka ugoro, nakuambia kweli. Nilichagua kusema kwa namna ambayo mtu wa Iringa akiambiwa na Mngoni hawezi kuamini. Nimemwonya, na hajaonywa. Nimejua wakati ule ule.

Jumatatu, 19 Julai

Bwana Milinga kavisifu visanduku vya Edna mbele ya mhasibu. Kavishika kama mayai. Vyangu akavisukuma kwa kidole.

Simpendi Edna. Sipendi anavyoimba akifanya kazi. Sipendi anavyogawa maandazi yake.

Mchana nimevifungua tena. Majani yote nayajua sasa. Lile lenye ncha iliyovunjika nalipenda, ingawa si langu.

Jumanne, 20 Julai

Edna kafiwa na baba yake mdogo. Kasafiri asubuhi. Nimempa pole kwa kweli. Kabla ya kuondoka kavipanga visanduku stooni, kimoja juu ya kingine, kafunika kwa gazeti.

Stoo ina giza na joto la jiko. Nimepita mlangoni mara nyingi leo. Sikuingia.

Ijumaa, 23 Julai

Sikuingia.

Jumatatu, 26 Julai

Edna karudi, kanyoa nywele. Kafungua stoo. Nikamsikia anasema "Mama" mara moja tu, si kwa sauti.

Wamekula gundi. Wamekula na lebo. Kilichobaki ni vipande vyenye herufi mbili tatu. Shati jeupe lina matundu na uchafu wao. Pembe zimeachia. Alipoinua visanduku vikafumuka, mawe yakamwagika sakafuni, yakachanganyika. Majani yenyewe mazima, lakini hakuna hata moja linalojulikana ni la wapi.

Vyangu vilikuwa rafu ya chini. Hakuna kilichoguswa. Vinanuka tu.

Bwana Milinga kaangalia. "Jani bila jina na mahali lilipotoka ni jiwe la kujengea." Kaondoka. Mgeni anafika Alhamisi.

Nilidhani nitafurahi. Kidogo nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 27 Julai

Edna kakaa sakafuni siku nzima akiyapanga kwa kubahatisha. Analiweka, analitoa. Mimi mezani kwangu, natazama. Najua kila moja. Lile alilokuwa ameshika saa tano ni la kijito cha pili, upande wa kulia wa mto. Aliliweka kushoto. Nikageuzia macho kwenye mifupa yangu.

Hajanitania tangu jana. Hakusema kamwene. Nilimrushia neno kuhusu kichwa chake kilichonyolewa, maana kwenye msiba mtani ndiyo kazi yake. Akaitikia tu, "Ndiyo, Kunigunda."

Hajawahi kuniita Kunigunda.

Jumatano, 28 Julai

Nimeshindwa. Saa mbili asubuhi nimekaa sakafuni karibu naye. Nimechukua jani la kwanza nikamwambia jina lake, kijito, tabaka. Halafu la pili. Mwanzoni hakuandika. Alinitazama.

"Umeyajuaje?"

"Nilikuwa nayaangalia."

"Lini?"

"Ukienda kula."

Halafu kachukua peni yangu bila kuomba, akaanza kuandika. Tumefanya hivyo mpaka jioni, mimi nataja, yeye anaandika, safari hii na kwenye daftari. Nimepika gundi. Nimetia ugoro mwingi. Amekunja visanduku vipya kwa mkono wake, pembe zimesimama vile vile.

Nilipogeuka kuchukua mkasi, Bwana Milinga alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

Alhamisi, 29 Julai

Mgeni kaja. Kaangalia kabati muda mfupi kuliko tulivyofikiri. Kauliza hiyo harufu ni ya nini. Nimemweleza kuhusu ugoro na mende. Kaandika kwenye kijitabu chake. Bwana Milinga katabasamu kama wazo ni lake.

Ijumaa, 30 Julai

Nimebaki mimi.

Bwana Milinga kasema anamtaka karani anayejua mpaka mawe ya mwenzake. Edna yupo pale pale, anasikia. Kwa hiyo wivu wangu umeniajiri. Kule chumbani nimeshukuru Mungu, halafu nikaona aibu ya kushukuru.

Ijumaa, 6 Agosti

Siku ya mwisho ya Edna. Kaaga kila mtu kwa mkono. Kwangu kafika mwisho, kafungua kabati, kachukua kisanduku changu cha kwanza kabisa, kile kibaya kuliko vyote. Kautoa mfupa akauweka kiganjani mwangu. Katia hereni zake ndani ya kisanduku, kakifunga, kakiweka mkobani. Mtani haombi.

"Nakupeleka Iringa uvutishe Wahehe tumbaku," akasema. Nikacheka.

Halafu akasogea, wengine wasisikie. "Siku ile uliponiambia kuhusu mende hukucheka. Unapotania huwa unacheka wewe wa kwanza. Nililiona. Nikajiambia, labda anaumwa."

Akaondoka. Nilikuwa na maneno mengi. Yote yalikuwa ya utani.

Jumatatu, 9 Agosti

Ukungu. Nimefika mapema. Hakuna aliyesema kamwene.

Nimekata boksi la sabuni, nimejaribu kukunja kama alivyokuwa anakunja, kwa kupitisha kwanza mgongo wa kisu. Nimejaribu mpaka saa ya chai. Pembe zimepinda. Mfupa nimeuacha juu ya pamba, bila kisanduku, mbele ya lile jani lenye ncha iliyovunjika.

Bado namwonea wivu zile pembe.