Kimfuko cha Kushoto

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mjukuu wako ameota meno mawili na anang'ata kila kinachopita mbele yake.

Jirani yako ameniambia alikupeleka hospitali, moyo ukienda mbio. Mbona ulinificha? Mama, funga duka la ushonaji uje tuishi wote. Mwisho wa Aprili nakuja kukuchukua.

Mwanao, kifungua mimba

19 Machi

Bosi wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Huyo jirani mdomo wake hauna kifungo, nitamshonea.

Ni kweli, moyo wangu mara mojamoja hupoteza hesabu: unakimbia, unasita, unaruka. Kwa kuwa hali hii hunijia kwa nadra, daktari hakunipa dawa ya kila siku. Nina vidonge vya kumeza pale unapoanza tu. Cha kwanza nilikimezea hospitali, wakinitazama. Maagizo yake: nikae, nimeze kimoja, nitulie, nisiongeze cha pili. Kifua kikiuma, nikihisi kuzimia, au saa alizonitajia zikipita bila nafuu, niende hospitali.

Siku ile jirani alinipeleka kwa sababu kidonge kilikuwa kwenye gauni la bluu, nami nimevaa la njano. Uzembe wangu. Sasa nimeshona kimfuko ndani ya kila nguo yangu, kiunoni upande wa kushoto, na kila kimoja kina kidonge chake. Kufunga duka sitaki. Nikikaa bure huko nitazeeka kwa wiki moja.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Vimfuko ni akili, nakubali, na nimemsimulia kila mtu ofisini. Lakini moyo ukianza ukiwa kazini itakuwaje? Hilo hujanijibu. Tiketi nimeshakata.

Mwanao

21 Aprili

Bosi,

Marahaba. Mjukuu hajambo?

Jibu lako hili hapa. Jumanne nilikuwa nampima mwalimu mkuu gauni, pini mdomoni, moyo ukaanza. Nikatema pini, nikakaa, nikameza. Nikamwambia, "Shika mkono wangu hapa, tazama saa. Nikianguka, namba ya hospitali iko ukutani." Akanishika, macho kwenye saa. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Kila mara naogopa. Baada ya saa mbili moyo ulitulia, na kesho yake nikamaliza pindo.

Halafu mwalimu akarudi na gauni lake. "Fundi, hiki kimfuko cha nini?" Nilikuwa nimemshonea na yeye, kwa mazoea. Nikaomba radhi, nikataka kukifumua, akakataa, akasema humo anaweka ufunguo. Sasa wateja wanne wanakitaka.

Naomba usije kunichukua. Nimekutumia gauni.

Mama yako

30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Gauni limefika na limenikaa vizuri. Nilipapasa ndani, kushoto, nikakuta kimfuko, na ndani yake karatasi ya mkono wako: maagizo yote ya daktari, na chini, "Nikija kukutembelea, kidonge cha akiba kikae hapa."

Nililia, nikamwambia mjukuu wako bibi yake ni nani. Tangu utoto najua wewe ni fundi. Sikujua kwamba hata woga unaweza kuukata na kuushona ukakutosha.

Tiketi sirudishi. Tunakuja wiki mbili, tutaondoka mimi na mtoto tu. Duka usilifunge. Niwekee kiti karibu na cherehani, unionyeshe pale alipokushika mwalimu, ili nami nijue pa kushika.

Mwanao