Kwa Mama Yetu, Mpiga Picha wa Molekuli

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ututoke. Tulilia vya kutosha. Leo tumekuja na habari.

Tulikuwa tukiwaambia watu wewe ni mpiga picha, nao wanakuomba uje harusini! Kumbe picha zako zilikuwa za molekuli zikivunjika. Ulizimulika kwa leza, mwanga mkali unaowaka kwa muda mfupi mno, hata kufumba na kufumbua jicho ni safari ndefu kwake.

Kabla ya kuingia maabara ulivua saa, bangili na pete ya ndoa, maana chuma kinachong'aa huweza kuurudisha mwanga ule machoni mwa mtu. Pete ukawa unaisahau kwenye koti la kazi. Majirani wakaanza kunong'ona. Baba akawajibu, "Hajaniacha, jamani. Katoka kazini tu."

Wanafunzi wako uliwalisha kwanza, ndipo ukawakosoa. Na ulikosoa kwelikweli.

Ulisema molekuli uliyokuwa ukiichunguza ikipigwa na mwanga hujikunja kwanza, ndipo ivunjike. Wenzako wa chuo kingine wakabisha, eti ulichokiona ni mwanga uliogonga kioo ukarudi. Ukabadilisha vioo vyote, ukapima upya, ukaona kilekile. Bado wakabisha. Tukakusihi uachane nao, ukacheka: "Wapime wenyewe kwa mashine yao. Mimi sina haraka."

Ugonjwa ndio ulikuwa na haraka. Uliondoka huku jina lako likitajwa kwa mashaka, na hilo lilituuma sana.

Basi sikia, Mama. Mwezi uliopita walipima, kwa mashine yao, kwa vioo vyao. Wakatualika chuoni kwao, na profesa yule aliyekubishia kuliko wote akasimama mbele ya ukumbi mzima akaonyesha picha. Molekuli ikajikunja, kisha ikavunjika. Akasema, "Mama yule alikuwa sahihi. Niliyekosea ni mimi."

Shangazi akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele papo hapo. Maprofesa wote wakageuka. Sisi tukainamisha vichwa kwa aibu, lakini Baba, ambaye fizikia haijui hata chembe, akafuta machozi akamwambia, "Piga tena, dada."

Akapiga. Safari hii ukumbi wote ukasimama.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, mwanao wa kiume, wifi yako mwenye sauti, wajukuu, na wanafunzi wako wote.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na sasa hatukukumbuki peke yetu.