Kikombe cha Chai, Lodwar Hadi Kakuma

Mpendwa mpwa wangu Akai,

Ejok, u mzima? Najua utajibu ejok, mzima, hata kama mgongo unawaka moto, kwa hiyo sikuulizi tena. Nakuandikia kwa sababu kwa simu unanikatiza kabla sijamaliza, halafu muuguzi anakuambia utulie, halafu laini inakufa. Karatasi haikatiki. Nikimaliza nitaipiga picha nikutumie, uisome ukiwa umelala vilevile, chali, kama daktari alivyokuamuru.

Niko Kakuma, kwa gereji ya Baba Furaha, yule fundi Mkongo mwenye kicheko cha kutisha mbuzi. Nimekalia chuma cha moto. Kwa nini nimekalia chuma nitakuambia, lakini si sasa, maana kila nikiandika mistari miwili nasimama kwenda kuchungulia anachofanya chini ya gari langu. Naye kila nikichungulia anasema, "Muzee, rudi kwa barua yako. Hii gari haiko na siri ya kukuficha."

Nimesimama hata sasa. Haya, nimerudi.

Kesho kutwa ndege inakuleta Lodwar. Tangu ile pikipiki ikuangushe Eldoret na wakuwekee vyuma mgongoni, hakuna aliyekusikia ukicheka, mpaka siku ile mama yako alipokwambia kwa simu kwamba tunatafuta ambulensi ya kukutoa uwanja wa ndege hadi nyumbani. Ukasema, "Sitaki ambulensi. Nataka gari la mjomba. Si yeye anabeba chai kutoka Lodwar hadi Kakuma bila tone kumwagika?" Ukacheka. Kidogo tu, lakini ulicheka. Mimi nilikuwa pale, simu iko sauti ya juu, na nikafanya nini? Nikapaza sauti kama mnadani: "Gari liko tayari hata leo! Hilo si gari, ni kitanda!"

Akai, halikuwa kitanda. Shokomzoba zote nne zilikuwa zimelia mafuta mpaka machozi yakakauka. Ungebonyeza kona moja ya bodi na kuachilia, gari lingerukaruka mpaka umalize kumsalimia mtu na watoto wake wote. Na daktari wako ametuambia neno moja tu: mgongo usirushwe. Ukirushwa vibaya kabla mfupa haujashika, vyuma vinaweza kuhama, na kama utatembea tena hakuna atakayetuambia. Tangu nilisikie hilo neno nakula nimesimama. Mama yako anasema nimekuwa kama kuku aliyeona nyoka.

Unakumbuka hii mambo ya chai ilivyoanza? Ulikuwa unasoma Lodwar, unakaa kwangu kule Nawoitorong, na shule ikifungwa nakupeleka kwa mama yako Kakuma. Lami bado haijaja. Barabara ilikuwa mawe, vumbi na laga, ile mito mikavu ya mchanga, magari ya watu yanafika yamelegea meno. Mimi nikisimama kwa stendi nawaambia madereva wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba nitafika Kakuma na kikombe cha chai na dashibodi itakuwa kavu. Namimina kutoka kwa sufuria, kile kikombe cha bati chenye maua ya samawati, nakukabidhi. "Shika. Wewe ndiye shahidi." Unakishika kwa mikono miwili juu ya magoti, miguu yako haifiki chini.

Tukifika, watu wanatuzunguka. Nakichukua kikombe, nakiinua. Dashibodi kavu. Gauni lako kavu. Kikombe kina nusu. Mtu akiuliza nusu nyingine iko wapi, namjibu, "Imenywewa na jua. Jua la Turkana linakausha mto mzima, litashindwa na chai?" Na wewe unatingisha kichwa, uso mzito, kama karani wa korti. Nani angebisha? Sifa hiyo ilinitangulia mpaka Lokichoggio. Hata leo kuna watu wananiita Dereva wa Chai.

Halafu siku ya ngamia. Ulikuwepo, kwa hiyo hakuna wa kuniambia naongeza. Tulimtoa Lorugum amepiga magoti nyuma kwa keria, shingo ameipitisha juu ya paa la kabini anaangalia barabara, na kila tukikaribia kona alikuwa anageuza kichwa kabla mimi sijakata usukani. Polisi wa kizuizi akatusimamisha, akamwangalia ngamia, akaniangalia mimi, akauliza dereva ni nani. Wewe ukatoa kichwa dirishani: "Afande, huyu wa ndani anashika tu usukani." Yule polisi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kwa ajili ya ngamia huyo ndio niliongeza vyuma kwa springi za nyuma, gari likasimama juu kama limevaa viatu vya harusi, na tangu siku hiyo jina lake ni Ngamia. Saruji ya Lorugum nabeba mimi. Mapipa ya maji nabeba mimi. Nariokotome wenzangu wanakataa njia, mimi naenda na mzigo na kupiga mluzi.

Subiri. Baba Furaha amegonga kitu kwa nyundo na sijapenda sauti yake.

Ni nati imekwama. Haya.

Basi nikaenda kwa Mama Shiro, mwenye duka la spea pale Lodwar, yule aliyekuja kutoka Nyeri na sasa anajua matusi ya Kiturkana kuliko mimi. Akaniwekea juu ya kaunta aina tatu. "Hizi ni za gesi, ngumu, za mzigo. Hizi za mafuta, laini, za watu. Na hizi ni mitumba, zimepakwa rangi ili usione zilivyolia. Wewe unabeba nini?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu, na wewe unanijua mimi na watu nyuma yangu. Nikasema, "Ngumu! Lete iliyo kali kuliko zote. Gari langu halivai laini."

"Sikuuliza linavaa nini. Nimeuliza unabeba nini."

"Unamuuliza Ngamia anabeba nini?"

Watu wakacheka, mimi nikatoka na zile za gesi begani kama nimeua simba. Zikafungwa siku hiyohiyo. Nikabonyeza kona ya bodi, gari halikusogea hata kidogo. Nikasema, hapo sasa! Huo ndio utulivu!

Mama yako alikuwa amekuja Lodwar kukununulia godoro gumu, nikamwambia apande turudi wote Kakuma, na nikamjazia kikombe kilekile, mpaka ukingoni, aone mwenyewe mtoto wake atakavyosafiri. Akai, kwa tuta la kwanza, pale kizuizini, chai ilitoka kwa kikombe ikiwa nzima, kama chura, ikatua mapajani mwake. Alinitusi na ukoo wangu, akisahau ni ukoo wake. Nikamjazia tena kutoka kwa chupa. Kabla hatujafika nusu ya njia kikombe ni kitupu na dashibodi inanata. Na hiyo ni lami! Bado hatujashuka njia ya nyumbani, bado laga, bado yale mawe.

Nilitafuta wa kulaumu. Nikamwambia, "Hujui kushika, wewe. Akai alikuwa mdogo hivi, barabara ni mawe matupu, na hakumwaga hata tone."

Mama yako akanigeukia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho na ile leso iliyolowa chai.

"Kwani wewe hujui mpaka leo?"

"Nijue nini?"

"Akai alikuwa anainywa! Akiona bonde mbele, anapiga funda. Akiona lingine, funda. Kila mkifika kwangu namtengea chai anaikataa, tumbo limejaa ndii. Hilo jua lako, kaka yangu, lilikuwa na pengo la meno ya mbele."

Niliwapita madereva wenzangu njiani bila hata kuwapigia honi. Mimi! Mama yako akaniuliza kama naumwa.

Nilichokuwa nawaza ni kwamba chai ile ilikuwa ya moto. Nilikuwa naimimina kutoka jikoni, moshi unatoka, tunaondoka papo hapo, na mabonde ya kwanza yalikuwa palepale tukivuka mto Turkwel. Kwa hiyo uliinywa ikiwa ya moto. Uliunguza ulimi wako, mtoto mdogo hivyo, ili mimi niinue kikombe mbele ya watu. Na hukusema. Wala ulipokua hukusema, hata ile siku uliponikasirikia kwa kuchelewa kukuletea sanduku shuleni, ukaniambia maneno yote uliyokuwa nayo, hilo hukulitoa.

Tulipofika hapa, Baba Furaha akabonyeza kona ya bodi. Akabonyeza tena na makalio. Akatoa kile kicheko. "Muzee, hii gari yako iko na nguvu mingi. Lakini huruma, hapana." Akanieleza kwamba vile vyuma nilivyoongeza vinalala tu vikikandamizwa na saruji, bila mzigo vinarusha, na shokomzoba ngumu juu yake ni kama kumfunga mtu mkaidi kamba ili awe mpole. Hata nikileta zilizo laini kuliko zote, na vyuma viko pale, ni bure. "Toa chuma. Weka za mafuta. Tia mifuko ya mchanga chini ya godoro. Mutoto alale kichwa karibu na wewe, mbali na magurudumu ya nyuma."

Nikamwambia hicho chuma hakitoki. Jina la gari liko humo ndani, na ugali wangu uko humo ndani, maana mwenye saruji hatasubiri wiki mbili gari likiwa halibebi mzigo, atatafuta lingine.

"Sawa," akasema, anafuta mikono. "Wewe beba jina. Mutoto abebwe na ambulensi."

Nilizunguka lile gari sijui mara ngapi. Nilipiga teke magurudumu, nikafungua mlango, nikafunga. Kisha nikamwambia, "Toa." Ndicho hicho chuma nimekikalia. Mzee mmoja amepita sasa hivi akaniuliza Ngamia amekufa au vipi. Nimemwambia amepiga magoti, anapandisha mgonjwa.

Nikampigia simu Mama Shiro, anitumie zile laini kwa gari la mboga, nami nimrudishie zake. Nilijua atanisema. Akauliza tu, "Na sasa unabeba nini?"

"Nabeba Akai."

Akasema, "Si ungesema hivyo tangu juzi." Jana kabla jua halijashuka zilikuwa zimefika, na amefunga raba mpya za kuzishikia pamoja nazo kwa karatasi, bila mimi kuomba.

Nimetoka tena kidogo, na safari hii nilitoka na gari. Baba Furaha alikuwa amemaliza. Tumeweka mchanga, tumeweka godoro lako, turubai juu, na mama yako akalala mwenyewe pale utakapolala, kikombe kimejaa pembeni yake. Nimetoa kioo cha dirisha la nyuma ili nimsikie. Lami hakumwaga hata tone, na hii siyo hadithi, muulize. Kwa laga ikamwagika kidogo. Kwa yale mawe kabla ya boma, nikienda mwendo wa punda mzee, ikamwagika tena. Tulipofika nikakitoa kikombe nikachungulia ndani. Nusu.

Nusu, Akai. Ile ile nusu, lakini hii ni yangu kweli, hakuna aliyeigusa.

Haijanitosha. Kesho naenda na koleo kuchonga kingo za laga, na yale mawe nitayaondoa kwa mikono, na nikimaliza nitajaza kikombe nipite tena. Siwezi kukaa. Mama yako anasema njia itaisha kwa kusuguliwa.

Kitu kimoja ndicho kinanitia wasiwasi kuliko shokomzoba. Nakujua. Utalala pale nyuma, gari litagonga jiwe, utauma meno, na nikikuuliza kupitia dirishani utasema, "Ejok, mjomba, ni kama kitanda." Ili nifike Kakuma niinue kichwa. Ulifanya hivyo ukiwa na pengo, na sasa una meno yote.

Usifanye. Ikiuma, piga kelele mpaka ng'ombe wakimbie. Nitasimama katikati ya barabara, malori yapige honi yachoke. Tukifika jioni, tukifika kesho yake, hiyo ni shida yangu. Watu wakiuliza Dereva wa Chai amepatwa na nini, nitatafuta la kuwaambia, na unajua sikosi la kuwaambia.

Kaa salama na hao wauguzi mpaka ndege ikulete. Nitakuwa uwanjani kabla haijaonekana. Chai nitaijaza mpaka ukingoni na nitaiweka pembeni yako, na safari hii, mtoto wa dada yangu, usininywee.

Mjomba wako,
wa Ngamia aliyepiga magoti