Mshono wa Utosini

Mama, shikamoo.

Nimeisubiri marahaba yako kidogo kabla ya kuendelea, mazoea tu. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, mtoto amelala juu ya meza yako ya kukatia vitambaa, na mimi naogopa. Nimeona nikuambie wewe, maana hapa nyumbani kila mtu anajifanya jasiri.

Mume wako alizaliwa. Ndivyo ulivyomwita tangu tumbo lilipochomoza, "mume wangu", ukaapa kwamba akiwa wa kike utamrudisha alikotoka. Ni wa kiume, Mama. Tulikuzika mimba ikiwa ya miezi saba, na sasa yeye ana miezi minne. Anamchekea kila mtu. Masikio ni yako kabisa. Kinachonitisha ni kichwa chake.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokueleza ninachosomea shahada ya pili? "Tembo wako hapo Mikumi, wewe unawafuata nyangumi waliokufa kabla ya Adamu!" Nikakuonyesha kwenye kompyuta yale mafuvu yaliyogeuka mawe, ya ndama wa nyangumi wasio na meno. Nikakuambia natazama jinsi kichwa kinavyobadilika mnyama anapokua: pua inarefuka, mifupa iliyokuwa mbalimbali inashikana. Mtu akiokota fuvu dogo asikimbilie kusema ni nyangumi wa aina ndogo. Atazame kwanza mishono kati ya mifupa. Ikiwa wazi, huyo alikuwa mtoto, bado anakua. Ukavua miwani ukasema, "Kumbe ni mambo ya fundi cherehani." Ulinielewa haraka kuliko msimamizi wangu wa chuo.

Lakini kwani nilijifunzia wapi? Nikiwa darasa la tatu ulichukua wembe ukapasua ubavu wa sketi yangu ya shule, nikaangua kilio nikidhani umeichana. "Nafumua, siharibu," ukasema, ukanionyesha kitambaa ulichokuwa umekikunja ndani tangu mwanzo. "Nguo ya mtoto naishikiza tu. Nikiifunga, atakulia wapi?"

Ndiyo maana nilijua, Mama. Alikuwa na miezi miwili, namwogesha, kidole kikapita utosini. Pale panapotakiwa kuwa laini, panapodundadunda, palikuwa pagumu. Nikafuata katikati ya kichwa kwenda kisogoni, nikakuta tuta jembamba la mfupa. Kichwa cha mtoto, mshono wa mtu mzima. Nikamaliza kumwogesha, nikampaka mafuta, nikamvika nguo.

Nilinyamaza mwezi mzima. Mama mdogo Anjela alishuka kutoka Lumuma kuja kunikanda, akawa anakikanda na kile kichwa kila asubuhi kwa kitambaa cha maji moto, akisema kimechongoka kama vichwa vya ukweni kwangu. Yusufu naye akanitania kwamba mke wake siku hizi anaona mafuvu hadi kwenye sufuria ya ugali. Nikacheka nao. Nilitaka sana wao wawe sahihi na mimi niwe mwendawazimu. Mpaka ile kofia.

Kofia ya kijani uliyomshonea ukiwa kitandani, hata cherehani huwezi kuifikia, ukaishona kwa mkono. Nilimvika nikaona inambana mbele na nyuma, na pembeni inapwaya. Nikachukua futi yako ya kupimia nguo nikapima kichwa. Wiki iliyofuata nikapima tena. Kilikuwa kinarefuka tu, hakipanuki. Kesho yake tukaenda hospitali Mikumi, na Yusufu hakutania njia nzima.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alipitisha vidole mara mbili, akauliza nani aliniambia kuhusu mshono huo. Nikasema nyangumi. Hakucheka. Akatueleza kwamba umefunga kabla ya wakati wake, na ubongo unakua, unataka nafasi. Jumanne tunapanda treni ya SGR hapa Kilosa kwenda Dar es Salaam. Jumatano watampasua, watatoa kipande cha mfupa ili kichwa kipate kupanuka.

Naogopa damu. Naogopa dawa ya usingizi kwa mtoto wa miezi minne. Naogopa ule mwezi niliokaa kimya, kwamba huenda ndio uliohitajika. Na kuna jingine ambalo Yusufu sijamwambia. Kila fuvu la ndama ninalolichora ni la mtoto aliyekufa kabla hajakua. Nilikuwa nikiona mishono iko wazi nafurahi, naita wenzangu, maana huo ndio ushahidi wangu. Sikumfikiria mama yake hata siku moja. Sasa kompyuta siifungui.

Leo nilipotoka kanisani nilichukua wembe wako nikaifumua kofia, nimwongezee mbele na nyuma, imtoshe kichwa alichonacho. Ndani nikakuta pindo, pana, limezunguka kofia nzima, limeshikizwa kwa bandi zako, ile mishono mirefu ya muda, za uzi mweupe. Nikakaa chini. Ulikipimia kichwa ambacho hukukiona, na uliacha nafasi kikue pande zote.

Nimeirudisha ilivyokuwa, Mama. Nimeishona kwa kipimo chako, cha duara, na pembeni nimeachia kidogo zaidi, kichwa kikianza kupanuka kipate nafasi.

Basi pumzika, mama yangu. Jumatano wakimchukua mlangoni nitajiambia maneno yako ya ile sketi, nitayarudia mpaka wamtoe. Nakuahidi nitamleta hapo ulipo akiwa kichwa wazi, ulione kovu, ndipo nimvike kofia mbele yako. Nimeiweka kwenye begi, juu ya nguo zake zote. Kwa leo haimtoshi.

Mwanao,
Rehema