Oili Niliyoichagua Mimi

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Dada Skola,

Shikamoo. Soma yote kwanza, halafu ndipo uamue kama nastahili marahaba. Mgongo wa mama unaendeleaje? Kulwa na Doto wameanza shule, au baba bado anasema wasubiri mavuno? Mimi ni mzima, nakula, hata nimenenepa. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yenu huwekwa sauti kubwa uani, na haya hayafai kusikiwa na kila anayepita kuomba moto. Dereva wa basi la Mpanda ataiacha kwa yule mama muuza vitenge pale Kashaulili. Ichukue mwenyewe.

Wiki iliyopita mama alinisimulia habari za mumeo huku anacheka. Kwamba tangu afukuzwe kazi huku mmemtoa chumbani, analala ghalani. Kwamba baba amempeleka shamba la mpunga kuamia ndege, baba wa watoto wawili, manati shingoni. Kwamba baba aliwaambia wanajumuiya, "Si niliwaambia nyie? Msukuma aliyekuja na ng'ombe ataondoka na vya watu." Na wewe, dada, ukaitikia, "Kweli baba, nimeolewa na mwizi wa oili." Mama anasema watu walicheka mpaka machozi. Nami nikacheka kwenye simu. Kucheka najua.

Mumeo Masanja hakuiba oili. Sikiliza ilivyokuwa.

Haya mabasi ya jiji hayana klachi ya mguu kama malori ya kwetu. Gia zinajibadilisha zenyewe, na kinachozifanya zishike ni oili. Basi linasimama na kuondoka kutwa nzima, kwenye foleni, kwenye joto hili, na oili inachemka. Ikiwa si ya kwake, inaungua, gia zinateleza, basi linanguruma bila kwenda. Mumeo, kwa vile ndiye aliyekuwa mtunza stoo, alihangaika na jambo hilo mwaka mzima. Alijaribu oili moja baada ya nyingine. Alichota kidogo kutoka kila basi, akaweka kwenye chupa za jemu dirishani, kila chupa na kibandiko chenye namba ya basi na jina la oili. Alizinusa, alizitazama juani. Mafundi tulimwita mganga. Lakini tangu achague ile moja, mabasi yaliacha kulala barabarani, na kila dereva alilijua hilo.

Alipokwenda Shinyanga kumzika mjomba wake, aliniachia ufunguo. Ndiye aliyeniombea kazi pale, angemwachia nani? Akaniambia, "Deusi, oili ya gia ikiisha kabla mzigo mpya haujafika, basi lisitoke. Pipa lile jingine ni la usukani. Zote nyekundu, zisikudanganye."

Ikaisha siku ya pili. Mkuu wa karakana akaanza kupiga kelele kwamba abiria wamejaa vituoni. Nikafanya tunavyofanya kwenye pawatila ya baba: nikachovya kidole, nikasugua, nikanusa. Nyekundu, inateleza, safi. Kwetu nani anauliza oili ni ya nini? Tunaongezea iliyopo dukani, na pawatila inalima. Nikaongezea mabasi saba, huku nikijisifu moyoni kwamba huyu bwana wa chupa za jemu anaringa bure. Aliporudi sikumwambia.

Siku chache baadaye yakaanza kufa, moja baada ya jingine. La kwanza lilikwama katikati ya mlima na abiria wamesimama mpaka mlangoni. Mkuu akafungua stoo, akaona pipa la usukani limepungua, akasema mtu ameuza oili nzuri na kujaza ya bei rahisi. Akauliza, "Nani alifungua pipa hili?"

Masanja alinitazama mikono. Si usoni, mikono. Kisha akasema, "Ufunguo ni wangu."

Wakapekua mfuko wake mbele ya madereva. Wakakuta chupa moja ya jemu yenye oili, ndiyo ikawa ushahidi. Wakamtoa getini kwa miluzi na makofi. Dada, nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, nami nikapiga mluzi. Kesho yake nikapewa ufunguo. Amri ya kwanza niliyopewa ilikuwa kutupa zile chupa, nikazitupa zote. Baadaye ilibidi nikaokote vibandiko jalalani nijue ni oili ipi ya kuagiza.

Juzi alinipigia kwa simu ya kuazima, yuko hukohuko mpungani. Nikajua sasa ananidai ukweli. Akauliza tu, "Unaagiza ipi? Usikubali wakuletee rahisi, mabasi yatakufia tena." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mimi kwenu nimeshazoea kudharauliwa. Skola ndugu yake wa kiume ni mmoja. Akimdharau na huyo, atabaki na nani?" Nikasema asante, nikakata. Hata pole sikumpa.

Naona aibu, lakini siachi kazi, wala kwa mkuu siendi. Nimejipima, ujasiri huo sina. Ndiyo maana nakutupia wewe mzigo huu. Baba ukimwambia hatakuamini, atasema barua umeandikiwa na mumeo. Mwambie hivyo hivyo. Usipomwambia, basi mtaendelea kumcheka, na mimi nitaendelea kunenepa.

Msalimie mama, na umwambie dawa ya mgongo nitamtumia kwa basi. Msalimie shangazi wa Ikola na dagaa zake, na katekista aliyenifundisha kuungama. Mwambie somo halikuingia. Wapwa zangu wabusu. Baba msalimie kwa sauti kubwa, mbele za watu, kama anavyopenda.

Na usimwite tena Masanja mwizi. Mwizi yuko huku, anakwenda kazini na ovaroli iliyoandikwa MASANJA kifuani, kwa sababu ya kwake hawajamshonea.

Mdogo wako,
Deusi